Mnasanzi Nyuma ya Friji

Kila Jumamosi asubuhi Shadia alifagia mbele ya duka la baba yake mjini Kasulu, akapanga soda kwenye friji, kisha akaketi juu ya kreti kunywa uji wake. Jumamosi hiyo alikuwa na kazi moja zaidi. Kando yake palikuwa na sanduku dogo la kioo lililovikwa gunia lenye maji.

Ndani ya sanduku mlikuwa na mimea saba, midogo kama vifungo vya shati. Majani yake yalikuwa na nywele nyekundu, na kwenye ncha ya kila unywele lilining'inia tone linalong'aa kama umande. Nzi akitua kunywa, ananasa. Jani linajikunja polepole, na habari yake imekwisha. Wanafunzi wa darasa la sita, darasa la Shadia, waliiita minasanzi.

Mwalimu wao, Theodosia, aliileta kutoka vilima vya Manyovu, kwenye bonde la Mzee Nduwayezu. Mzee alikuwa akichimba mifereji ya kukausha bonde apande maharage, lakini hakutaka mimea ile ipotee. "Nitunzieni," alimwambia Mwalimu. "Mvua zikianza, mnirudishie niipande kule juu kwenye chemchemi."

"Kwao ni baridi," Mwalimu aliwaeleza wanafunzi. "Kiangazi cha mjini kitaipika. Maji ya gunia yakikauka huondoka na joto, kama mtungi unavyopoza maji ya kunywa. Basi gunia lilowe asubuhi, mchana na jioni. Msiruke hata mara moja."

Mwisho wa juma hilo ilikuwa zamu ya Shadia kulitunza sanduku nyumbani. Jumamosi alilowesha mara tatu. Jumapili, jua likiwa utosini, rafiki yake Asmahani akaja mbio.

"Shadia we! Kwa bibi harusi wanapaka hina, twende!"

"Nina kazi ya kulowesha."

Asmahani akacheka. "Unalilea sanduku kama lina kichanga! Haya, kaa ulibembeleze."

Shadia alitazama gunia, akatazama barabara. Kisha akaiona friji. Si ndiyo inayopoza soda mpaka chupa zinatoka jasho? Pembeni yake lazima kuna baridi ya kutosha. Akalivua sanduku gunia, maji yasije yakagusa umeme, akalisukuma nyuma ya friji, akaondoka.

Aliporudi jioni, viganja vyake vyekundu kwa hina, matone yote yalikuwa yamekauka. Majani yamelala. Alilivika gunia upesi upesi, akalimwagia maji mengi. "Itaamka," alijiambia. Jumatatu akalipeleka sanduku shuleni likiwa limefunikwa vivyo hivyo, akamkabidhi Lukmani, aliyekuwa wa zamu, bila neno.

Mchana Lukmani alifunua gunia, akapiga ukelele. Mimea ilikuwa ya kahawia, mikavu kama majani ya chai.

"Lukmani umeiua!" darasa zima lilipaza sauti.

"Ulilowesha?" Mwalimu aliuliza.

"Nililowesha, Mwalimu. Wallahi!"

"Kwa mate?" mmoja akadakia, wakaangua kicheko. Mwalimu akamwondoa Lukmani kwenye orodha ya watakaokwenda Manyovu kwa Mzee Nduwayezu mvua zikianza. Shadia aliinamia daftari lake.

Kesho yake jioni, ufagio uliangukia nyuma ya friji. Shadia alipenyeza mkono kuuchukua, akashtuka.

"Baba, mbona huku nyuma kuna moto?"

Baba yake, Mzee Badru, alikuwa akipanga sabuni. "Friji huchota joto la ndani na kulitupa nyuma. Baridi haiji bure, mwanangu."

Shadia aliketi chini palepale na kulia. Baba aliacha sabuni, akamsikiliza hadi mwisho. "Mimi si wa kuambiwa hayo," alisema kwa upole. "Unamjua wa kumwambia."

Asubuhi Shadia alisimama mbele ya darasa, akasema yote: hina, friji, na ukimya wake. Hakuna aliyecheka. Lukmani alisimama.

"Ulikuwa umekaa palepale," alisema. "Ulinisikia naapa."

"Nisamehe, Lukmani," Shadia alisema.

Mwalimu Theodosia alimgeukia Lukmani. "Nami nisamehe, baba. Nilikuhukumu kabla sijachunguza." Akamrudisha kwenye orodha. Kisha akachukua njiti, akachokoa mmea mmoja mmoja. Sita ilikuwa imekufa mpaka mizizi. Katikati ya wa saba palikuwa na nukta ya kijani, ndogo kuliko punje ya ulezi.

Tangu siku hiyo Shadia hakukosa kulowesha, hata zamu ilipokuwa ya wengine. Wiki ya pili Lukmani alianza kumletea dumu la maji. Hawakuzungumza sana. Mvua za Oktoba zilipoanza, mmea ule ulikuwa na majani manne, na matone yake yaling'aa tena.

Kule Manyovu, Mzee Nduwayezu alifunua gunia, akachungulia.

"Niliwapa saba. Wenzake wako wapi?"

Mwalimu alifungua kinywa, lakini Shadia akatangulia. "Niliiua mimi, babu. Nilikimbia kazi, halafu nikamwacha mwenzangu abebe lawama."

Mzee aligeuka kulitazama bonde lake. Maharage yalikuwa yamechipua kila mahali. "Kule hakuna tena hata mmoja," alisema taratibu. Akampa Shadia jembe dogo. "Panda wewe."

Walipomaliza, Mwalimu Theodosia alimshika bega. "Kosa la friji lilikuwa la kutojua, Shadia, na asiyejua hufundishwa. Lakini kukwepa kazi uliyokabidhiwa, na kunyamaza mwenzako akiumia, hayo uliyajua. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, kungali na cha kuokoa."

Shadia aliitika. Kabla ya kuondoka aliinama tena penye chemchemi. Mnasanzi ulikuwa peke yake kwenye tope baridi, na kuuzunguka palikuwa na nafasi ya mingine sita.