Hanifa Apiga Simu Redioni

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Hanifa alikuwa akifagia ua, akichota maji kisimani, kisha akifungua redio iliyokaa kwenye dirisha la jikoni. Baba yake, Mbarak, alikuwa mtangazaji katika redio moja ndogo ya Ukunda. Aliondoka nyumbani Kibuyuni alfajiri kwa pikipiki, na watu walipokuwa wakinywa chai, sauti yake ilikuwa tayari imeingia katika kila nyumba.

Mbarak alianza kazi hiyo kwa kusoma matangazo ya vifo na bei ya samaki. Baadaye alipewa kipindi cha asubuhi, na wasikilizaji wakawa wanapiga simu kueleza shida zao. Aliwauliza wakubwa maswali magumu: kwa nini mifereji imekauka, kwa nini zahanati haina dawa. Kina mama wanaolima mwani walimpenda sana. Hanifa alijivunia kuitwa binti Mbarak.

Kisha redio nyingine ikafunguliwa mjini, na simu zikapungua. Siku moja msikilizaji alidai kwamba wenye mahoteli wameficha mitambo baharini ya kufukuza samaki. Zamani Mbarak angemwuliza, "Umeiona wapi?" Siku hiyo alisema tu, "Haya, wananchi, mnasikia?" Simu zikalia mpaka kipindi kikaisha. Tangu hapo, haikukosekana siri mpya wala adui mpya.

Mvua za masika zilipoleta kipindupindu, Bi Zainabu, mhudumu wa afya wa kijiji, alipita nyumba kwa nyumba akigawa dawa ya kutia kwenye maji ya kunywa. Mbarak akatangaza kwamba dawa ile ni ya kuwafanya watu wa pwani wasizae, ili ardhi yao ichukuliwe. Bi Zainabu akaanza kufungiwa milango. Wengine walimwita muuaji.

Hanifa alishangaa, kwa kuwa mama yake alikuwa akitia dawa hiyo hiyo kwenye mtungi wao. Jioni, baba alipokuwa akinywa maji, alimwambia.

"Baba, maji hayo mama ameyatia dawa."

"Najua."

"Lakini redioni ulisema..."

"Ile ni kazi, mwanangu. Watu wanataka kusikia mambo. Ya nyumbani yaache nyumbani."

Mama aliinamisha kichwa, akaendelea kupara samaki.

Hanifa akanyamaza. Alinyamaza hata pale rafiki yake Kadzo alipomwambia darasani, "Sisi dawa yetu tumeimwaga. Mama amesema baba yako ametuokoa."

Siku chache baadaye, Nzai, mdogo wake Kadzo, aliamka akiharisha na kutapika. Alipofikishwa hospitali macho yalikuwa yamezama, na hakurudi nyumbani akiwa hai. Matangani, Kadzo alimtazama Hanifa na kumwuliza, "Na nyinyi mliimwaga ya kwenu?"

Hanifa aliinuka akaenda zake nyumbani.

Asubuhi iliyofuata alifungua redio, akamsikia baba yake akisema kwamba mtoto ameuawa na dawa ya Bi Zainabu. Hanifa alichukua simu ya mama yake. Mama alimwona akibonyeza nambari, naye hakumzuia.

"Msikilizaji, uko hewani. Jina lako, na unapiga kutoka wapi?"

"Shikamoo, baba. Ni Hanifa. Niko nyumbani. Nzai hakunywa dawa. Mama yake aliimwaga kwa sababu ya maneno yako. Sisi tunaitia kwenye maji yetu, na wewe unayanywa. Mbona huwaambii watu?"

Ghafla muziki ukapigwa redioni.

Siku hiyo hiyo Mbarak aliachishwa kazi. Kina mama walirudi kwa Bi Zainabu kuomba dawa, na ugonjwa ukapungua hadi ukaisha. Hata hivyo, wapo waliosema kwamba binti amehongwa. Mbarak alikwenda kwa kina Kadzo kuomba msamaha. Mama yake Nzai alimsikiliza akiwa mlangoni, hakumkaribisha ndani.

Shuleni, Kadzo alihamia dawati jingine. Hanifa alikwenda kwa Bi Zainabu akilia.

"Ningesema mapema, Nzai angekuwa hai."

Bi Zainabu hakumdanganya. "Pengine, mwanangu. Lakini wewe ni mtoto. Baba yako alisema uongo akijua ni uongo, na mama yako akanyamaza. Sisi wazima ndio tuliotakiwa kusema kwanza. Wewe shika hili: ukiona watu wanadanganywa katika jambo la uhai wao, sema ukweli siku hiyo hiyo, hata kama mwongo ni mtu umpendaye. Na siku watu watakapokusikiliza, usiwaambie kitu ambacho wewe mwenyewe hukiamini."

"Na Kadzo atanisamehe?"

"Sijui," alisema Bi Zainabu. "Nenda ukamsalimie kesho. Asipoitika, msalimie tena kesho kutwa."