Mzigo wa Saa Kumi

Mama Malkia alishona sare za shule kwenye karakana iliyo chini ya nyumba yao. Jumatatu moja alishona shati lenye mikono miwili ya kushoto.

"Hili shati la kaa, yule anayetembea upande?" msimamizi aliuliza. "Ni mara ya tatu, dada. Ukirudia, nitatafuta fundi mwingine."

Mama alipanda ngazi, macho mekundu. Binti yake wa miaka minane, waliyemwita Malkia, alikuwa akizunguka meza. Malkia ana usonji. Wakati huo hakuwa akilala usiku. Alirukaruka kitandani mpaka alfajiri, na mama yake alikesha naye.

Bibi alimfungulia mlango, kisha akaufunga tena kwa komeo. "Nimemfungia ndani tangu asubuhi. Akipumzika mchana, huenda usiku atalala."

Jirani yao, mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini, alibisha hodi, akafunguliwa, akaingia kuchukua gauni lake alilokuwa amemshonea Mama.

"Shikamoo, Bibi. Mtoto hatoki?"

"Marahaba. Atoke apotee?"

"Basi mwili wake haujafanya kazi. Wewe ukishinda umekaa, utapata usingizi?"

"Mimi hata nikisimama nasinzia!"

Wakacheka.

"Watoto wengi wenye usonji hupata shida ya kulala," jirani alisema. "Mazoezi ya mchana huwasaidia wengi wao. Hayaondoi usonji, lakini mwili hutulia. Anapenda nini?"

"Kubeba," Mama alijibu. "Kutwa anabeba mito."

"Basi mpeni mzigo. Kila siku saa ileile, njia ileile, na mtu mzima kando yake. Msimharakishe. Usiku ukikaribia, mwacheni atulie. Mwezi ukiisha bila nafuu, tutamwona daktari."

Kesho yake, saa kumi alasiri, Malkia alibeba mkoba wa sare hadi kwa mpiga pasi, mtaa wa pili. Aligusa kila nguzo njiani. Bibi alimfuata akilalamikia magoti.

Wiki ya kwanza, aliyelala fofofo alikuwa Bibi.

"Tumemlaza bibi badala ya mtoto!" Mama alisema, akicheka kwa uchovu.

Hawakuacha. Wiki ya tatu, Mama alifumbua macho na kukuta kumekucha. Nyumba kimya. Malkia katoroka! Alikimbilia kitandani kwake. Malkia alikuwa amelala, kakumbatia mkoba mtupu.

"Shh!" Bibi alisema. "Ukimwamsha, utanitambua."

Siku hiyo msimamizi aligeuza mashati yote, moja moja, akimtafuta kaa. Hakumwona.

"Dada, umekunywa dawa gani?"

"Sijanywa kitu, bosi. Nimelala."