Yeyote Atakayekuja

Mama Kitinda, mwalimu wa jiografia, alikuwa bado uwanjani, vitabu kwapani, aliposikia Kidato cha Nne wakiinuka kwa kishindo na kuitikia kwa pamoja: "Shikamoo, mwalimu!" Akaharakisha, akidhani kapokonywa kipindi. Alipofika mlangoni alikuta darasa limetulia, macho yote ubaoni, na mbele yao hapakuwa na mtu. Ilikuwapo harufu tu, ya chaki na nywele zilizoungua.

"Mnamsalimia nani?"

"Mwalimu wa hesabu," akajibu Kitinda, binti yake wa mwisho, akilishangaa swali lenyewe.

Jamani, shule ile haikuwa na mwalimu wa hesabu! Tangu yule mzee astaafu, wazazi walibisha hodi ofisi zote mpaka wakachoka. Na shule ndiyo ilikuwa kila kitu pale mtaani. Maji waliteka kwenye bomba lake, harusi zilichezwa ukumbini mwake, marehemu waliagwa uwanjani pake. Mtoto mmoja akifaulu, mtaa mzima ulitembea kifua mbele. Basi kwenye mkutano wa wazazi, kwa uchungu, wakainuka wote na kuapa: "Yeyote atakayekuja, awe nani, awe nini, tutampokea!" Mdomo huponza kichwa.

Mtihani wa majaribio ulipofanywa, hakuna aliyefeli hesabu. Hata Goigoi, aliyehesabu kwa vidole na bado akakosea, alipata zote. Mtaa ukapiga vigelegele. Mama Kitinda hakuweza, kwani mwanawe alikuwa ameacha kula, na mchana kweupe alikaa sebuleni vidole vikiandika hewani bila kukoma, huku kwato zikigonga sakafu taratibu kutoka mlangoni hadi nyuma ya kiti chake, zikasimama hapo, na mtoto akatabasamu na kunong'ona kwa sauti kavu ambayo mama yake hakuwahi kuisikia, "Ndiyo, mwalimu."

Akamleta mganga. Wazazi na wanafunzi wakajaa ukumbini. Mganga alifukiza ubani, akanusa, akatikisa kichwa.

"Huyu hakuvamia, alikaribishwa," akasema kwa sauti ya chini. "Mgeni wa watu siwezi kumtoa mimi. Mliompokea mumfukuze, wote. Inueni mikono."

Mama Kitinda akainua wake. Peke yake.

"Mwalimu mwenzangu," mkuu wa shule akanong'ona, "mtihani wa taifa umekaribia. Tuvumilie upite."

"Watoto wanakwisha, mkuu! Hamuwaoni?"

"Wangu anataka udaktari, dada," akasema fundi seremala, macho chini. "Tutampata wapi mwingine?"

Aliwatazama watu waliomlilia marehemu mumewe kwenye uwanja uleule, mmoja baada ya mwingine, na kila aliyemtazama akageuza uso, naye mganga akawa tayari anafunga mkoba wake, na ile harufu ya nywele ikapanda mpaka macho yakamtoka machozi, na kwato zikaanza kutembea kati ya viti bila haraka, zikija upande wake, mpaka Kitinda akainuka, akamjia, akamshika kiganja kwa vidole vya baridi.

"Shusha mkono, mama," akasema kwa upole. "Mwalimu hajakuchagua."

Na mkono ukashuka wenyewe.