Dada wa Nguo za Kwaya

"Usiliinue juu hivyo, Vero. Watu wanatuangalia."

Veronica hakumsikia, au alimsikia akaona si kitu. Alikuwa amesimama mbele ya rundo la mitumba katika soko la Kasulu, ameshika gauni jeupe la harusi kwa mikono miwili, analigeuza huku na huku akikagua mishono. Lesi ilikuwa imechanika kidogo chini ya kwapa, na kiuno kilikuwa kipana kwake. Lakini kitambaa kilikuwa kizito na weupe wake haukuwa umefifia hata kidogo.

"Gasper, hebu tazama. Nani alivaa hili akaliachia?"

"Lirudishe kwanza, tuzunguke."

"Tumezunguka tangu asubuhi. Kule dukani wametaja bei, ukaona mwenyewe tulivyotoka."

Ni kweli. Walitoka mle dukani kimya kimya, kila mmoja akijifanya anatafuta kitu mfukoni. Harusi yao ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata, Kibondo. Gasper alikuwa mwalimu wa sekondari, mtu wa Njombe aliyepangiwa kazi huko. Mshahara wake ulikuwa unakatwa mkopo wa benki, na kilichobaki kimemezwa na ukumbi. Veronica, Muha wa pale pale Kibondo, alikuwa anachapa na kutoa kopi kwenye duka la steshenari karibu na stendi. Walikubaliana waje Kasulu kwa sababu mitumba ni mingi, na kwa sababu, Gasper alisema, huku hakuna anayetujua. Maneno hayo ya mwisho Veronica aliyasikia akayaacha yapite.

"Dada, belo hilo la mitumba limefunguliwa leo," muuzaji alimwambia. Aliitwa Khamisi, kijana mwenye kofia ya kufuma na sauti ya kukwaruza. "Wewe ndiye wa kwanza kulishika."

"Shilingi ngapi?"

"Elfu sitini."

"Kwapa limechanika, kaka."

"Kwapa nani ataliona? Siku hiyo si utakuwa umeshikwa mkono."

Veronica akacheka. Gasper hakucheka. Alikuwa anahamia mguu huu, anarudi mguu ule, macho yako njiani.

"Mwalimu Gasper? Na wewe uko huku?"

Mwanamke wa makamo, mwenye mkoba mkubwa begani, alikuwa anapita katikati ya mafungu ya viatu akija kwao. Ni Madam Esteri. Alikuwa amehamia shuleni kwao kutoka Kakonko siku si nyingi, na tayari walimu walikuwa wamemfanya katibu wa kamati ya harusi. Yeye na Veronica walikuwa hawajawahi kuonana.

"Shikamoo, Madam," Gasper alisema.

"Marahaba. Mimi nimefuata vitenge vya mama. Wewe je? Harusi hiyo imefika, uko kwenye mitumba?"

"Nguo za kwaya," Gasper alijibu haraka. "Kwaya ya wanafunzi. Huyu dada ananisaidia kuchagua."

Madam Esteri akamtazama Veronica, akalitazama na lile gauni.

"Habari za kazi, dada."

"Nzuri, mama."

"Na bibi harusi wetu yuko wapi?"

"Yuko Mwanza," Gasper alisema. "Anapimwa gauni."

Veronica alilishusha lile gauni. Alimtazama Gasper usoni, akingoja acheke, aseme natania, Madam, huyu hapa. Gasper alikuwa anatazama viatu.

"Basi mwambie arudi mapema," Madam Esteri alisema. "Nataka nimfahamu kabla ya siku yenyewe."

"Nitamwambia."

Madam alipokwisha kupotea kwenye watu, Veronica akamgeukia Khamisi.

"Arobaini."

Khamisi alikuwa amesikia yote. Hakubishana. "Chukua, dada," alisema, akamtafutia mfuko ambao haujatoboka.

Veronica akalipa kwa hela yake mwenyewe.

"Vero, nisikilize," Gasper alianza. "Kazini nilishawaambia gauni linatoka Mwanza. Nilibanwa. Maneno yalinitoka tu."

"Sawa."

"Usiseme sawa hivyo."

"Nisemeje, Mwalimu? Kwani dada wa kukusaidia anasemaje?"

"Unakwenda wapi?"

"Kwetu. Wewe msubiri bibi harusi wa Mwanza."

Akaondoka hivyo, mfuko kifuani, akapanda gari la kwanza la Kibondo. Kabla hajafika simu ilikuwa imeshaita mpaka akaizima sauti. Zikabaki meseji.

"Vero nimekosa. Pokea simu."

"Nipo stendi Kasulu nakutafuta."

"Hata tusi nitukane. Usinyamaze."

Alizisoma zote. Hakujibu hata moja.

Siku zilizofuata hakutulia. Kazini alichapa barua ya mteja akaruka mstari mzima. Nyumbani alilifua lile gauni, akalishona kwapa, akalipunguza kiuno, akalifua tena. Mama yake alikuwa anamtazama kutoka mlangoni jikoni.

"Mwana wanje, mwanangu, hilo gauni limekauka tangu jana. Mbona unalianua na kulianika?"

"Naona kama bado lina unyevu, mama."

"Njoo ukae ule."

"Nakuja."

Hakwenda. Alizunguka nyuma ya nyumba, akarudi, akaligusa tena pindo.

Ijumaa mchana alikuwa peke yake dukani. Mlango ukajaa mtu, akainua macho. Madam Esteri, na mkoba wake ule ule.

"Dada, nahitaji kuchapiwa ratiba ya harusi. Halafu unitolee kopi." Akamkazia macho. "Wewe si yule dada wa nguo za kwaya?"

"Ndiye mimi, Madam."

"Kumbe unafanya kazi hapa. Mlizipata?"

"Tulipata moja."

Veronica akapokea karatasi, akaanza kuchapa. Kuwasili kwa wageni. Sala ya ufunguzi. Alipofika mahali pa majina, vidole vikasimama.

"Kuna neno hulisomi?" Madam Esteri aliuliza. "Mwandiko wangu mbaya."

"Ninalisoma. Ni jina langu."

Madam Esteri aliitazama karatasi, akamtazama yeye, akavuta kigoda akaketi.

"Lile gauni ulilokuwa umeshika."

"Ndiyo."

"Na Mwanza je?"

"Sijawahi kufika Mwanza, Madam."

"Na mimi nikakuambia habari za kazi." Akajishika shavu. "Mbona hukusema kitu pale?"

"Nilikuwa nangoja yeye aseme."

Madam Esteri akaichukua karatasi yake, akaikunja polepole.

"Sitoi kopi hata moja mpaka nisikie kwako. Kamati tunakaa Jumapili baada ya misa, darasa la kidato cha pili. Sikualiki, na sikukatazi."

Jumamosi jioni Gasper akaja nyumbani. Alikuwa amenyoa ndevu na macho yamemwingia ndani. Mama yake Veronica aliitikia salamu yake, akawapisha.

"Nimefikiri sana," Gasper alisema. "Kesho nitamfuata Madam Esteri nimweleze ukweli."

"Anaujua. Nimemweleza mwenyewe."

Gasper akakaa kwenye kiti bila kukaribishwa.

"Kwa hiyo shule nzima sasa hivi..."

"Umeona?" Veronica alisema. "Siku zote hizi. Hujaniuliza nimelalaje. Umeuliza shule."

Gasper akafunika uso kwa viganja. Alipoongea sauti ilikuwa chini.

"Chuoni nilikuwa na mashati ya mtumba tu, mapana, ya kaka yangu. Waliniita Belo. Mpaka siku ya mahafali, Belo. Nikaapa nikianza kazi hakuna mtu atakayenicheka tena kwa nguo. Pale Kasulu nilipomwona Madam, nilisikia lile jina masikioni."

"Pole. Kweli kabisa, pole."

"Asante."

"Kwa hiyo unajua linavyouma."

"Najua."

"Ukaliokota, ukanirushia mimi."

Gasper akainuka kwenye kiti.

"Nenda kapumzike," Veronica alimwambia. "Nami nijaribu kulala."

Jumapili baada ya misa Veronica hakurudi nyumbani na mama yake. Alipita mara mbili mbele ya geti la shule. Mara ya tatu akaingia.

Darasani walikuwa walimu kama kumi, Gasper miongoni mwao, wamekalia madawati ya wanafunzi, magoti juu. Mwenyekiti, mwalimu mzee aitwaye Marcel, alikuwa anasoma mambo ya chakula.

"Karibu, dada. Unamtafuta nani?"

"Nina swali moja kwa Mwalimu Gasper," Veronica alisema. "Gasper, mimi ni nani?"

Gasper akasimama, na dawati likasimama naye kidogo. Akamtazama Madam Esteri, lakini Madam Esteri alikuwa anatazama dirisha.

"Huyu ni Veronica," alisema. "Ndiye ninayemuoa. Hakuna gauni la Mwanza, niliwadanganya. Tulikuwa Kasulu tunatafuta mtumba, Madam akatukuta, nikamwambia huyu ni dada wa kunisaidia nguo za kwaya. Nilimkana amesimama pale pale, ameshika gauni lake."

Mtu mmoja nyuma alicheka kwa pua, kisha akajikohoza.

"Niliona aibu," Gasper aliendelea. "Na yeye hajawahi kunitia aibu hata siku moja. Ni mimi. Ninaogopa kuchekwa kuliko ninavyoogopa kumuumiza mtu, na nimelijua hilo juzi tu."

Mwalimu Marcel akavua miwani.

"Keti, Mwalimu. Dada Veronica, sisi hapa tunapanga Jumamosi. Jumamosi ipo?"

"Haipo, mzee wangu."

Gasper akainamisha kichwa.

"Sijasema sitaolewa," Veronica alisema. "Nimesema si Jumamosi hii. Sijaweza kukaa chini tangu nitoke Kasulu, na siwezi kwenda kanisani hivi. Mchele hauozi."

"Na ng'ombe?" Marcel aliuliza. "Tumeshatoa malipo ya awali kwa mwenyewe."

"Aendelee kula majani."

Safari hii walicheka wote, hata Madam Esteri, hata Veronica mwenyewe kidogo. Gasper peke yake hakucheka. Alikuwa analia, na hakuficha.

Asubuhi yake alikwenda mwenyewe kwa padri kuomba tarehe isogezwe, kisha akawapigia ndugu zake wa Njombe, mmoja mmoja, akiwaambia sababu halisi. Wengine walimkatia simu. Jioni alikuwa anapita steshenari baada ya kipindi cha mwisho, anamsindikiza Veronica mpaka nyumbani, siku nyingine bila maneno njia nzima. Suti yake waliitafuta pamoja sokoni Kibondo, mchana kweupe, wanafunzi wakipita wakimwamkia. Kila aliyemfahamu, Gasper alimwambia kabla hajaulizwa: huyu ndiye mchumba wangu, tunatafuta suti ya mtumba. Mpaka Veronica akamvuta mkono.

"Punguza. Si lazima umwambie na muuza dagaa."

"Nimezidisha?"

"Umezidisha."

Haikuwa kwamba yameisha. Kuna siku Veronica alimtazama katikati ya mazungumzo, akajiuliza siku nyingine ikibana atasema nini. Mara moja alimuuliza wazi.

"Na ukikutana na mkurugenzi wa halmashauri, mwajiri wako?"

"Sijui nitasikia nini moyoni," Gasper alimjibu. "Nitakachosema nakijua."

Veronica alilifikiria jibu hilo kwa muda mrefu. Mwisho wa msimu wa mahindi alikwenda mwenyewe kwa Madam Esteri akamwambia atoe kopi.

Siku ya harusi, jua halijatoka, simu yake ikaita.

"Umelala?"

"Sijalala."

"Hata mimi. Vero, unaogopa?"

"Naogopa. Wewe?"

"Naogopa kwamba hutakuja."

Veronica alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, miguu inagusa sakafu ya baridi. Jikoni mama yake alikuwa ameshawasha moto, na sauti ya Madam Esteri ilisikika ikiulizia pini.

"Nakuja," alisema. "Kata simu, nivae."