Jicho la Kushoto la Waithira

Picha ya Waithira ilitoka nusu. Uso upande wa kulia ulionekana safi, wa kushoto mweusi tititi, ilhali Githinji, mumewe na mpiga picha, aliona taa zote mbili zikiwaka. Tena studio ilinuka nywele zilizoungua.

"Kamera yako imeniramba uso, Baba Kagwe," Waithira alicheka.

"Wacha mchezo. Ni taa hazielewani."

Hapo alisema kweli. Kulia alikuwa na taa yake ya zamani ya globu, ambayo huchelewa kidogo kushika moto. Kushoto, taa mpya ya stima aliyoinunua Ruiru kwenye mali ya mpiga picha aliyekufa. Hiyo ilimulika na kuzima kabla globu haijaamka. Kamera ikingoja globu, inakosa stima. Ikifuata stima, inakosa globu. Mtu mwenye akili angetumia moja. Githinji alitaka zote, maana Thika nzima hakuna aliyekuwa nazo.

Akapunguza mwendo wa shata, kile kilango cha ndani ya kamera, ikae wazi mpaka zote ziingie. "Kaa tena, Mama Kagwe."

Zikaingia zote. Na kingine kikaingia. Kwenye karatasi ya picha iliyolowa dawa, jicho la kulia la Waithira liliangalia kamera. La kushoto lilimwangalia Githinji.

Tangu hapo upande wa kushoto wa Waithira ukawa baridi. Akaitwa Mzee Nzomo, mganga Mkamba. Alinusa hewa, akakataa kiti.

"Kati ya taa na taa kuna upenyo, fundi. Jini lilikaa humo. Wewe umelifungulia mlango. Vunja hiyo taa leo."

"Nivunje? Hiyo ni shida ya muda wa taa tu, mzee, na nimeitengeneza!"

"Haya. Kaa na muda wako." Nzomo akavaa kofia, akaenda zake.

Wateja wakajaa. Githinji akapiga picha, akasifiwa, akapiga tena, na kila taa zilipowaka, Waithira akiwa nyuma ya pazia, mkono wake wa kushoto ulikwaruza ukuta, polepole, kama wa mtu anayetafuta komeo gizani, na harufu ile ya nywele ikapanda mpaka wateja wakaziba pua.

"Baba Kagwe," alinong'ona kwa nusu ya mdomo, "ukipiga, linasogea. Limefika puani. *Ngai*, Mungu wangu, wacha!"

"Bado mteja mmoja tu."

Akampiga picha huyo mmoja. Nyuma ya pazia mkwaruzo ukakoma. Ndipo Githinji alipoishika nyundo, akaiponda taa ya stima mpaka ikawa unga, akageuka akitweta.

Waithira alikuwa amesimama pale, na macho yote mawili yalimwangalia yeye. La kushoto likamulika kama taa ya stima, jeupe, na papo hapo shata ya kamera, isiyoguswa na mtu, ikalia.

Pamoja. Haikuchelewa hata kidogo.