Mtoto wa Stoo

Kla! Kimya. Kla!

Fundi alifumbua macho. Dirisha lilikuwa bado jeusi, na upande wa pili wa kitanda umeshapoa. Kla! tena, kutoka jikoni.

Alimkuta mumewe ameketi sakafuni, maiki mbele yake, mkononi ameshika kipande cha ubao kilichopigiliwa komeo kuukuu la chuma.

— Mume wangu, wenzako saa hizi wanaamka kusali, wewe unacheza na komeo?

— Shh! Narekodi. Majirani wakiamka sipati sauti safi.

— Nyumba nzima haina komeo hata moja. Uliyang'oa yote wiki tuliyohamia, ukaniambia yanakwaruza rangi. Leo umeleta la kulikumbatia?

Mume alicheka kidogo, akauweka ubao chini taratibu.

— Ni la gemu langu. Limekwisha. Nipe simu yako nikuwekee, uwe mtu wa kwanza kulicheza. Ila nakuomba kitu kimoja, ulicheze mpaka mwisho.

— Na likinishinda?

— Haliwezi kukushinda wewe.

Akainuka, akambandikia maji ya kuoga. Hivyo ndivyo alivyokuwa. Maneno machache, lakini maji hayakukosa kuchemka hata siku moja katika miezi minne ya ndoa yao.

Mchana, kwenye kibanda chake cha kushonea sare za shule, Fundi alilifungua lile gemu. Akaona mtoto mdogo amefungiwa kwenye stoo yenye giza. Kwenye dari, jicho kubwa. Mara sauti ya mwanamke ikafoka:

"Mungu anakuona! Omba mpaka shetani akutoke!"

Mama aliyekuja kuchukua sketi ya mwanawe nusura aiangushe.

— He! Fundi, unasikiliza nini wewe? Si ndiye unayetuimbia kwaya kila Jumapili?

Fundi aliona haya. Akazima sauti harakaharaka, wala hakuiwasha tena. Mteja alipoondoka, akaendelea kucheza kimyakimya. Alimpeleka mtoto kushoto, ukuta. Kulia, ukuta. Kila mara jicho lilifumbuka na maneno kutokea: MTOTO MBAYA HATOKI. Alijaribu mara saba. Mara ya saba machozi yalimlenga, akaandika ujumbe:

"Nimecheza. Mungu wako hana huruma hata tone. Hivyo ndivyo unavyomwona Mungu ninayemwimbia?"

"Umefika mwisho?"

"Hakuna mwisho. Kuta tupu."

Jioni mume alirudi mapema. Hakukaa.

— Mke wangu, ulisikia kila kitu?

— Nilisikia vya kutosha! Huyo mtoto ni nani?

— Ni mtoto tu.

— Mbona hatoki?

— Anatoka. Wewe ndiye uliyekataa kumtoa.

— Mimi?

— Kama ulisikia yote na bado unaniuliza, basi sina la kuongeza.

Fundi alimtazama. Alimpenda, na hilo ndilo lililomuuma.

— Unalala mlango wazi, unashtuka nikifunga kabati. Nimekuuliza mara ngapi? Kila siku unanichekea tu. Siwezi kuishi na mtu aliyejificha. Kesho naenda kwa Shangazi yako. Aliyekulea ndiye atakayeniambia nimeolewa na nani. Nisipopata jibu, narudi kwetu.

Uso wa mume ulibadilika.

— Usiende kule.

— Basi sema wewe.

Mume akaenda kubandika maji ya kuoga.

Asubuhi Fundi alikuta viatu vyake vimefutwa vumbi, na chupa ya maji imewekwa juu ya mkoba wake. Akasimama pale mlangoni muda mrefu kabla ya kutoka.

Shangazi alikuwa akiishi peke yake. Fundi alikuwa amemwona mara moja tu, siku ya harusi, kiti cha nyuma kabisa. Mume alimwamkia amesimama, akapita.

— Shikamoo, Shangazi.

— Marahaba, mwanangu. Karibu ndani. Umekuja peke yako?

— Peke yangu. Nimekuja kumshtaki mwanao. Tazama kazi anayoifanya.

Akamkabidhi simu. Shangazi akaisogeza karibu, akaisogeza mbali, akacheka.

— Macho haya ni ya kuazima, mwanangu. Hapa naona usiku tu. Washa sauti nisikie.

Fundi akaiwasha.

Kla!

Kicheko cha Shangazi kilikatika. Ile sauti ya mwanamke ikafoka, "Mungu anakuona! Omba mpaka shetani akutoke!" Mama wa watu akamrudishia Fundi simu.

— Maneno hayo ni yangu, alisema. — Na mlio huo ni kama wa komeo la hapa.

Akanyoosha kidole. Mwisho wa ukumbi ulikuwepo mlango mwembamba wa stoo, na juu yake komeo la chuma.

— Wazazi wake walifariki akiwa na miaka sita. Usiku alikuwa akipiga kelele kwa kuwalilia. Mimi nikasema ni pepo. Nikamfungia humo aombe. Siku nyingine mpaka asubuhi.

Fundi akamfikiria mumewe, mtu mzima yule, anayelala mlango wazi.

— Shh! alisema Shangazi ghafla. — Huyo anayeimba ni nani?

Ndani ya lile giza, kwa mbali, palisikika mwanamke akiimba polepole bila maneno, na nyuma yake mlio wa cherehani. Fundi akashika kifua.

— Ni mimi, Shangazi. Ni sauti yangu nikishona!

— Sasa unangoja nini? Mpeleke mtoto kwenye wimbo! Kulia, unasikia? Hapana, unafifia, rudi. Hapo, umekuwa mkubwa. Songa! Songa, mwanangu, usiogope, songa!

Fundi hakujua kama Shangazi anasema naye au na mtoto. Kidole chake kilisogea, wimbo ukazidi kukua, hadi mlango ukafunguka na mwanga ukajaa kioo chote. Lile jicho la darini lilikuwa dirisha tu, na jua likiingia. Yakatokea maneno: "Mungu alikuwa nje ya mlango, akiimba."

Walilia wote wawili, kisha Fundi akafuta pua, akatoa mkobani bisibisi ndogo ya cherehani.

— Shangazi, naomba ruhusa.

— Ling'oe. Hata mimi nimelichoka.

Akampigia mumewe.

— Njoo huku.

— Mke wangu, kule siwezi...

— Nimemtoa mtoto. Njoo.

Alifika baada ya saa moja, akasimama kizingitini. Aliuona mlango wa stoo uko wazi, na matundu manne mahali pa komeo.

— Shikamoo, Shangazi.

— Marahaba, baba. Nilidhani nakutenga na shetani. Kumbe nilikuwa nawafungia pamoja. Nilikukosea. Nisamehe.

Mume akaingia, akavuta kiti.

— Kusamehe sijamaliza, Shangazi. Lakini chai nitakunywa.

— Sukari hakuna, alisema Fundi. — Nimeimaliza mimi nikikungoja. Na wewe, kwa nini hukuniambia kuwa ninaimba humo?

— Si ulisema ulisikia? Nilidhani umeisikia sauti yako, ukapuuza.

— Nilizima sauti! Mteja alishtuka!

Mume akamtazama, akashika kichwa, akaanza kucheka. Kilikuwa kicheko kikubwa ambacho Fundi hakuwahi kukisikia kwake.

— Miezi minne nakurekodi kwa siri ukiwa kwenye cherehani, halafu umezima sauti!

— Kumbe nimeolewa na mwizi!

— Nisamehe, mke wangu. Kusema kulinishinda. Hiyo ndiyo njia niliyoiweza.

— Kusamehe sijamaliza, alisema Fundi, akimshika mkono. — Lakini nyumbani tunarudi wote.

Shangazi aliwasindikiza hadi nje, komeo mkononi. Alimpa mume, naye akalitia mfukoni. Walikuwa wameshapiga hatua kadhaa alipowaita.

— Wanangu! Njooni tena Jumapili. Mje na hiyo simu. Leo mtoto ametolewa kwa mkono wa mwenzangu, mimi nilielekeza tu. Njooni tena, nataka nimtoe mwenyewe.