Rubani wa Ndoo

Kila asubuhi, Bibi akiwa anakaanga mayai, nilikuwa nikikata siku moja kwenye kalenda ya jikoni. Nilihesabu siku zilizobaki kabla Mama, Sajini Denise Vogel, hajarudi nyumbani kwa likizo. Mkataba wake wa jeshi uliisha miaka miwili iliyopita, nikadhani sasa tutakaa naye hapa Kansas, Marekani, kama watu wengine. Kumbe aliongeza miaka minne! Siku alipoondoka nilijifungia chumbani, sikumuaga.

Shuleni kwetu, kila tarehe kumi na moja Novemba, siku ya kuwaenzi waliotumikia jeshi, mwanafunzi mwenye askari nyumbani husimama naye ukumbini na kusoma kadi ya kumtambulisha. Mwaka huu Mama angekuwepo.

"Wewe Kendra, mamako anafanya nini hasa huko jeshini?" aliniuliza Brody Haskins, ambaye baba yake alikuwa akiendesha vifaru.

"Rubani wa helikopta," nikasema. Maneno yalinitoka hivi hivi tu, kisha nikayaandika kwenye kadi yangu.

Siku yenyewe ilipofika, Mama alivaa magwanda, akapakia sanduku la kijani garini. Tulipofika shuleni nikashindwa kuvumilia.

"Mama, kadi yangu ni ya uongo. Nimeandika wewe ni rubani."

Nilidhani atafoka. Alizima gari, akabaki akitazama mikono yake juu ya usukani.

"Unanionea haya, Kendra?"

"Hapana. Nina hasira. Kama lazima uende, basi angalau iwe kwa kazi kubwa."

"Kadi ni yako. Utasoma unachotaka," akasema, akashuka.

Jina langu lilipoitwa, nilisimama na Mama mbele ya ukumbi, sanduku lake likiwa miguuni. Niliikunja ile kadi, nikaitia mfukoni.

"Huyu ni mama yangu. Niliwaambia ni rubani, nilidanganya. Kazi yake ni kusafisha maji wanayokunywa askari."

"Kumbe rubani wa ndoo!" akapaza sauti Brody. Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Njoo basi, rubani msaidizi," Mama akamwita, akampa ndoo. "Kachote maji kwenye mtaro ulio nyuma ya uwanja."

Brody alirudi na ndoo ya maji ya rangi ya kahawa, majani yaliyooza yakielea juu. Mama alitoa sandukuni pampu, mpira wa maji na chujio, akamwambia asukume. Alisukuma hadi jasho likamtoka. Kisha kwenye jagi la kioo yakaanza kutiririka maji maangavu, na watoto waliokuwa nyuma wakasimama juu ya viti ili waone. Hakuna aliyecheka tena. Mimi mwenyewe sikuwahi kuiona kazi ya Mama, na mwili wote ulinisisimka.

Mama akatia dawa kidogo. "Bado nusu saa dawa iue vijidudu. Mwenye swali aulize."

"Kwa nini usirudi nyumbani tu?" aliuliza Brody, sasa kwa adabu.

"Jeshi hutulipia ada ya chuo. Mimi yangu sikuitumia. Ukikubali kuongeza miaka minne, unaweza kumpa mwanao nafasi hiyo. Na chuo ni miaka minne. Nilitia saini, nikaandika jina la Kendra."

Nilipigwa na butwaa. Ile miaka minne niliyoichukia ilikuwa yangu!

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Nilitaka kukuambia siku ile, uso kwa uso, si kwa simu. Ulikuwa umefunga mlango."

Machozi yalinitoka mbele ya watu wote, na sikujali. Nusu saa ilipotimia, Mama alijimiminia glasi, akanywa, kisha akanipa mimi. Maji yalikuwa baridi na safi, huwezi kuamini yalitoka mtaroni. Brody naye akaomba.

"Mwanangu," Mama akaniambia akinishika bega, "kazi halali haihitaji kupambwa kwa uongo. Leo umesema kweli huku ukichekwa, na hiyo ndiyo heshima uliyonipa. Ukifika chuo, usome kwa moyo huo huo."

Likizo ilipokwisha, nililibeba lile sanduku la kijani mwenyewe hadi garini. Nilimkumbatia Mama kwa nguvu. Alipoondoka nilisimama mlangoni, baridi kali ilikuwa ikiingia ndani na Bibi akanipigia kelele nifunge mlango. Niliuacha wazi mpaka gari likapotea machoni.